Isimani: Mahindi Kwanza, Risasi Baadaye

Ukitoka Iringa mjini kwa barabara ya Dodoma, baridi ya milimani hukuacha mapema. Unateremkia kwenye nchi kavu, yenye joto. Hiyo ndiyo Isimani.

Wengi wakilisikia jina hilo hukumbuka mauaji. Lakini mauaji yale hayaeleweki usipoanza na mahindi. Wakulima kutoka sehemu nyingine za Iringa walifyeka pori hapa, wakakuta udongo ambao ulikuwa haujachoka, na kufikia miaka ya 1950 magunia yalikuwa yakitoka kwa wingi. Waliofanikiwa walinunua matrekta, wakapanua mashamba na kuajiri vibarua. Mahindi yakapandwa juu ya mahindi, mwaka baada ya mwaka, hadi ardhi yenyewe ikaanza kuchoka.

Ujamaa uliikuta Isimani katika hali hiyo. Azimio la Arusha la Februari 1967, kisha andiko la Mwalimu Nyerere la Ujamaa Vijijini la Septemba mwaka huohuo, yalitaka watu waishi na kulima pamoja, kwa hiari. Mwenye jembe la mkono na ekari mbili aliweza kuona nafuu. Mwenye trekta aliona jasho lake likichukuliwa.

Tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akishinikiza kilimo cha pamoja, alimfuata mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake Mkungugu, Isimani. Wakarushiana maneno. Mwamwindi akachukua bunduki, akampiga risasi, kisha akaupakia mwili garini na kuupeleka mwenyewe polisi Iringa. Mahakama ilimhukumu kifo, akanyongwa.

Ule ulikuwa uhalifu, na Klerruu hakustahili kufa. Lakini chuki iliyomuua ilizaliwa shambani, pale hiari ilipogeuka shinikizo.

Serikali haikurudi nyuma. Mei 1972 Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilikutana Iringa hiyohiyo, ikatoa azimio la Siasa ni Kilimo, lililohimiza samadi, jembe la kukokotwa na ng'ombe na mbegu bora. Mwaka uliofuata, kuhamia vijijini kukawa amri.

Leo chuo cha ualimu mjini Iringa kinaitwa Klerruu. Waliofyeka pori la Isimani hawana kumbukumbu kama hiyo, na waliowaona wakilima ni wazee sasa. Vijana wa Iringa, nendeni mkawasikilize na mwandike wanayosema.