Miezi Sita Iliyopimwa Kwetu

Hapa Umm Salal Mohammed, kaskazini mwa Doha, jirani na minara ya Barzan, tunaishi Waafrika Mashariki wengi: walinzi, madereva, wafanya usafi. Kila mmoja wetu alipigwa picha ya kifua kabla ya kupata kibali cha ukaazi, na kila mmoja anaiogopa TB. Wachache wanajua kwamba tiba yake ya miezi sita ilipimwa kwanza kwa wazee wetu.

Marehemu baba alikuwa muuguzi Kibong'oto, Kilimanjaro, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Alinisimulia habari za sindano za streptomaisini, na vidonge vya mwaka mzima na nusu. Wengi walipopata nafuu waliacha dawa, wakaenda zao shambani. Baadhi yao walirejea wakikohoa, na dawa zile zile hazikuwafaa tena.

Sababu imo ndani ya kijidudu chenyewe. Kinapozaana, jeni zake hubadilika kwa bahati tu. Kabla mgonjwa hajameza chochote, karibu kijidudu kimoja katika kila milioni tayari hakiuawi na dawa ya isoniazidi; kwa dawa ya rifampisini, ni kimoja katika milioni mia. Ukitumia dawa moja, unaua vilivyo dhaifu na kuviachia vilivyo sugu nafasi ya kuzaana. Ukichanganya dawa, kilichoponyoka moja hunaswa na nyingine.

Mwaka 1970 watafiti wa Afrika Mashariki na Uingereza, wakiwamo Wallace Fox na Denis Mitchison, walianza kuijaribu tiba ya miezi sita kwa wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kati ya waliopewa streptomaisini na isoniazidi tu, karibu 29 katika kila 100 waliugua tena. Kati ya walioongezewa rifampisini, karibu 3. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972, na tiba fupi ikaenea duniani.

Usugu haukuisha. Mwaka 2009 Kibong'oto ilianza kutibu kifua kikuu sugu, kwa dawa kali zaidi na za muda mrefu zaidi.

Basi ndugu yangu, kikohozi kikikatika mwezi wa pili, vijidudu bado vimo. Meza mpaka kidonge cha mwisho. Ukilazimika kuhama nchi katikati ya dozi, safiri na karatasi zako za matibabu, na ukifika tu, nenda kliniki uendelee pale ulipoachia.