Akidi, kamati na kura: Namna Baraza la Madiwani la jiji linavyofanya kazi

MKAZI wa jiji anayepita kando ya ukumbi siku ambayo madiwani wanakutana huona magari, majoho na kamera za wanahabari. Kwake hiyo ndiyo siku ya maamuzi. Kwa sehemu kubwa sivyo. Jambo linalosomwa mbele ya meya siku hiyo na kupitishwa kwa sauti ya “ndiyo” huwa limekwishajadiliwa, likapunguzwa au kuongezwa, katika chumba kidogo cha kamati wiki kadhaa kabla, mbele ya watu wachache na bila ya hadhara.

Utaratibu huo unatokana na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982, ambayo kwa sasa ni Sura ya 288 ya sheria za nchi, pamoja na Kanuni za Kudumu ambazo kila halmashauri hujiwekea kwa ajili ya kuendesha vikao vyake. Sheria hiyo ndiyo iliyorejesha kikamilifu serikali za mitaa mijini baada ya kufutwa katika miaka ya mwanzo ya 1970, hatua iliyozorotesha huduma za miji kiasi kwamba mwaka 1978 Serikali ililazimika kuanza kurudisha mabaraza ya miji hata kabla ya sheria hiyo kutungwa.

Wajumbe wa baraza ni wa aina tatu. Wapo madiwani waliochaguliwa na wananchi katika kata zao, wapo madiwani wanawake wa viti maalumu ambao idadi yao ni theluthi moja, na wapo wabunge ambao majimbo yao yamo ndani ya eneo la halmashauri. Mkurugenzi wa Jiji si mjumbe. Yeye ni mtendaji mkuu na katibu wa baraza: ndiye anayeita kikao na kutunza kumbukumbu, lakini hapigi kura.

Suala la nani ni mjumbe na nani si mjumbe linaweza kuonekana dogo. Desemba 2010 halikuwa dogo mjini Arusha, wakati huo ikiwa bado manispaa. Uchaguzi wa meya ulifanyika bila ya madiwani wa Chadema, huku chama hicho kikidai kwamba akidi haikutimia na kwamba mbunge wa viti maalumu kutoka Mkoa wa Tanga hakustahili kupiga kura katika baraza la Arusha. Upande wa pili ulisisitiza kuwa kila kitu kilikwenda kwa mujibu wa kanuni. Januari 5, 2011, maandamano ya kupinga uchaguzi huo yalikabiliwa na polisi kwa risasi na watu watatu wakapoteza maisha. Chanzo chake kilikuwa orodha ya wajumbe na hesabu ya waliomo ukumbini.

Akidi ni idadi ya wajumbe ambayo bila ya kufikiwa kikao hakiwezi kuamua lolote. Katika mkutano wa kawaida wa baraza inatakiwa nusu ya wajumbe wote, yaani wote wenye viti, si nusu ya waliofika. Baadhi ya mambo yamewekewa kiwango cha juu zaidi cha theluthi mbili, na mojawapo ni kumwondoa meya madarakani.

Jiji la Dar es Salaam limekwisha kuonja pande zote mbili za hesabu hiyo. Baada ya Uchaguzi Mkuu wa 2015 kuvipa vyama vya upinzani wingi wa madiwani, uchaguzi wa meya uliahirishwa mara kadhaa, mara nyingine kwa vurugu, hadi Machi 2016 ulipofanyika katika Ukumbi wa Karimjee na Isaya Mwita wa Chadema kushinda. Januari 2020 madiwani walikutana tena, safari hii kupiga kura ya kutokuwa na imani naye. Ubishi mkubwa wa siku ile haukuhusu tuhuma pekee, bali kama theluthi mbili ilikuwa imetimia au la, na kila upande ulihesabu kwa namna yake. Mwisho wa yote Mwita alipoteza kiti.

Hata hivyo sheria haikukusudia meya aondolewe kwa kuhesabu vichwa tu. Inataja sababu, zikiwamo matumizi mabaya ya madaraka, rushwa, mwenendo mbaya na kushindwa kazi, na inataka mtuhumiwa apewe nafasi ya kujitetea.

Katika hali ya kawaida, maisha ya baraza ni ya utulivu zaidi. Mkutano wa kwanza baada ya uchaguzi huwaapisha madiwani, humchagua meya na naibu wake kutoka miongoni mwao, na huunda kamati. Meya hukaa kwa kipindi chote cha miaka mitano, lakini naibu meya huchaguliwa kila mwaka, na kwa sababu hiyo kampeni za chinichini ndani ya mabaraza haziishi. Baada ya hapo mikutano ya kawaida hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Diwani anayekosa mikutano mitatu ya kawaida mfululizo bila ya ruhusa hujiweka katika hatari ya kupoteza kiti chake.

Kamati za kudumu zilizo kubwa ni tatu. Ya kwanza ni ya Fedha na Utawala. Ya pili ni ya Uchumi, Afya na Elimu, na ya tatu ni ya Mipango Miji na Mazingira. Zipo pia kamati za maadili na ya kudhibiti UKIMWI, hii ya mwisho ikiongozwa na naibu meya.

Kamati ya Fedha haifanani na nyingine. Mwenyekiti wake ni meya mwenyewe, na hukutana kila mwezi wakati nyingine hukutana kila robo ya mwaka. Mapato na matumizi ya mwezi hupitia hapo, pamoja na taarifa za manunuzi na mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo tangu 2018 sheria inataka itengewe asilimia 10 ya mapato ya ndani. Si ajabu kwamba kila baraza jipya linapopanga wajumbe, ndiyo kamati inayogombewa kuliko zote. Ikumbukwe lakini kwamba madiwani si wajumbe wa bodi ya zabuni. Kazi ya kutoa zabuni iliachiwa watendaji, na kamati imebaki na kazi ya kusimamia na kuhoji.

Chukua mfano wa eneo la wazi ambalo mtu ameomba libadilishwe matumizi ili ajenge kituo cha mafuta. Ombi huanzia kwa wataalamu wa mipango miji, ambao huandaa taarifa. Taarifa hufikishwa katika Kamati ya Mipango Miji na Mazingira, ambayo wajumbe wake wanaweza kwenda kuliona eneo lenyewe. Hapo ndipo diwani wa kata husika ana nguvu kubwa: akieleza kwamba watoto wa shule mbili huchezea hapo, au kwamba wakazi hawakuulizwa, kamati inaweza kukataa ama kurudisha ombi kwa wataalamu. Akinyamaza, mapendekezo huandikwa na kupelekwa katika baraza kama sehemu ya taarifa ya kamati yenye kurasa nyingi. Siku ya baraza meya huhoji kama taarifa imepokelewa, wajumbe huitikia, na ajenda inayofuata hutajwa. Wananchi wanaolalamika baada ya hapo hujibiwa kwamba vikao vyote vilikaa.

Kanuni zimejaribu kuziba mianya kadhaa. Mjumbe mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linalojadiliwa, liwe lake au la mwenza wake, anatakiwa kulitangaza na kutopiga kura. Kura zikilingana, mwenyekiti ana kura ya uamuzi. Lililo muhimu zaidi ni kwamba baraza linaweza kuikasimia kamati sehemu ya mamlaka yake, lakini si yote. Kupitisha bajeti ya mwaka, kutunga sheria ndogo, kutoza kodi na kukopa fedha ni mambo ya baraza zima peke yake. Kamati ikiyaamua yenyewe, uamuzi huo hauna nguvu. Sheria ndogo nazo, baada ya kupitishwa na baraza, huhitaji idhini ya waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa.

Kwa upande wa wananchi, mikutano ya baraza iko wazi na mtu yeyote anaweza kuingia na kusikiliza kadiri nafasi inavyoruhusu, isipokuwa pale wajumbe wanapoamua kujigeuza kamati ili kujadili jambo la siri kama nidhamu ya watumishi. Msikilizaji haruhusiwi kuchangia. Mlango wake wa kuingizia hoja uko chini, katika mkutano wa mtaa na katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake. Anayetaka jambo lake liingie kwenye taarifa ya kamati anapaswa kulifikisha huko kabla ya kamati kukaa, kwa kuwa siku ya majoho huwa amechelewa.

Juu ya vyote hivyo ipo mamlaka ya Serikali Kuu ya kulivunja baraza lenyewe. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na mahali pake pakawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, iliyoendesha mambo bila ya madiwani hadi mwaka 2000, jiji lilipogawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke zikiwa na halmashauri ya jiji juu yake. Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja halmashauri hiyo ya juu na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kwa mabadiliko hayo, mkazi wa Kariakoo au Buguruni yuko chini ya baraza la jiji, ilhali wa Sinza na wa Mbagala wana mabaraza ya manispaa zao, yanayoendeshwa chini ya sheria ileile ya 1982.