TDAH na magonjwa ya akili: kwa nini yanatokea ndani ya jamaa moja?

Mtoto hawezi kukaa dakika kumi kwa kiti, kaye zake zinapotea kila juma. Mjomba wake anasikia sauti ambazo wengine hawasikie. Shangazi amefungwa na huzuni, anashinda kitandani. Katika kartie kama Luano, upande wa uwanja wa ndege wa Lubumbashi, majirani wanaunganisha mambo hayo haraka: “Ile jamaa iko na laana.” Kisha wanamgeukia mtoto: “Ni mulozi.”

Kwamba mambo hayo matatu yanaweza kuwa na mzizi mmoja, sayansi pia inakubali. Lakini mzizi huo unaitwa jeni.

TDAH ni nini?

TDAH, ambayo Kenya na Tanzania wanaita ADHD, ni shida ya ubongo katika kukaza akili, kutulia na kujizuia. Duniani inagusa karibu watoto 5 kwa 100. Munganga anaangalia kama dalili zilianza mbele ya miaka 12, kama zimedumu miezi 6 ao zaidi, kama zinaonekana pahali pawili, mfano nyumbani na ku masomo, na kama zinamzuia mtoto kuendelea vizuri. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu mmoja tu, hiyo haitoshi.

Jeni zinafanya nini?

Jeni ni maagizo ya mwili. Nusu mtoto anapata kwa baba, nusu kwa mama. Wataalamu walilinganisha mapacha wanaofanana kabisa na mapacha wasiofanana, wakakuta kwamba karibu asilimia 74 ya tofauti kati ya watu kwa upande wa TDAH inatokana na jeni. Hiyo haina maana kwamba mtoto wa mzazi mwenye TDAH ana bahati 74 kwa 100 ya kuipata. Ni hesabu ya watu wengi kwa pamoja, haitabiri mtoto mmoja.

Tena hakuna jeni moja ya TDAH. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, wenye watu 38,691 wa TDAH, ulipata sehemu 27 za ADN zinazohusika. Kila moja inasukuma kidogo sana.

Magonjwa yanakutana wapi?

Mwaka 2019, watafiti wa inchi mbalimbali waliangalia ADN ya watu zaidi ya 727,000 juu ya magonjwa nane: TDAH, usonji, skizofrenia, bipolari, depresio, ugonjwa wa kukataa chakula, ugonjwa wa Tourette, na ule wa kurudilia jambo moja bila kuweza kuacha. Walipata sehemu 109 za ADN zinazogusa magonjwa mawili ao zaidi. Kati ya hizo, 23 zinagusa magonjwa manne ao zaidi.

Ni kama unga wa mahindi: unga ni mmoja, lakini unaweza kutoa bukari ao uji. Inategemea maji, moto na wakati. Ndiyo maana kaka anaweza kuwa na TDAH, dada depresio, na mwingine asipate kitu.

Jeni nyingi kati ya hizo zinaanza kufanya kazi kwa nguvu wakati mtoto angali tumboni, kuanzia miezi ya katikati ya mimba. Maneno ya jirani hayakuzileta.

Je, mtoto atakuwa kama mjomba?

Hapana lazima. Hatari inapanda kidogo, lakini wengi wa watoto wenye TDAH hawapati skizofrenia. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kutabiri hiyo. Mambo mengine pia yanaingia: kuzaliwa mbele ya wakati, ao vumbi lenye madini ya risasi, ile plomb, inayoharibu ubongo wa watoto. Kwa miji ya madini kama Lubumbashi, hilo si jambo dogo.

Watu wengi waliopimwa katika tafiti hizo wana asili ya Ulaya. Kwa kujaza pengo hilo, mradi NeuroDev unafuata watoto huko Kilifi, Kenya, na Cape Town, Afrika Kusini. NeuroGAP-Psychosis nao unachunguza skizofrenia na bipolari Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, mtoto apimwe macho, masikio, na kifafa, maana shida hizo zinaweza kufanana na TDAH. Mbele ya munganga, mzazi asimfiche mjomba wala shangazi: historia ya jamaa, upande wa baba na wa mama, inasaidia kujua cha kuangalia mapema. Lubumbashi kuna Kituo cha neuropsychiatrie Docteur Joseph Guislain, cha Mafrère de la Charité.

Pili, Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Kumfungia kwa chumba cha maombi ao kumnyima chakula hakubadilishi jeni hata moja.

Na mama anayeambiwa ku bakwe “wewe ndiye ulileta wazimu hapa” ajue hesabu hii: nusu ya jeni za yule mtoto zilitoka kwa baba.