Betri Juu ya Tembe

Kila kipupwe mama aliniachia kazi moja. Jua likishapanda, alizitoa betri sita kwenye redio ya National, akazitia katika kopo, nami nikapanda juu ya tembe kuzianika pembeni ya mtama. Ilikuwa 1973, msimu wa kampeni ya Mtu ni Afya, na majirani walijaa uani kwetu Buigiri, mkoani Dodoma, kusikiliza kipindi cha Redio Tanzania. Betri zisipoanikwa, sauti ilififia kabla mtangazaji hajamaliza habari za vyoo. Zikianikwa, tulifika mwisho.

Tuliamini jua linachaji. Kumbe halikuchaji chochote. Umeme wa betri kavu hutoka kwenye kemikali zinazofanya kazi ndani yake, na baridi huzichelewesha; joto la darini liliamsha tu kile kilichobaki. Hata hivyo mama alikuwa sahihi kwamba baridi ndiyo iliyokuwa ikitusumbua, na namheshimu kwa kuligundua hilo bila kuambiwa na mtu.

Betri ya gari iliingia kwetu miaka ya tisini, volti 12, imeshachoka barabarani. Ilifungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, ikasafiri zaidi ya kilomita 30 hadi mjini Dodoma, ikalala kwa fundi, ikarudi kesho yake. Oktoba, wakati wa joto, chaji moja ilitufikisha wiki. Julai ilikuwa siku nne, tano.

Sitasahau usiku wa Julai 9, 2006, fainali ya Kombe la Dunia kule Berlin. Watu wamejifunika mashuka na makoti, runinga ndogo ya nyeusi na nyeupe juu ya stuli. Zidane akampiga Materazzi kichwa kifuani, akatolewa kwa kadi nyekundu; dakika chache baadaye picha ikasinyaa, ikazimika. Penalti tulizisikia redioni. Wengi walimlaumu fundi kwamba amekula hela zetu bure, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Tulimwonea. Betri ya risasi na tindikali ikipoa, huwa nzito kupokea umeme: volti zake hupanda haraka, chaja ikadhani imejaa, kumbe bado. Ikiwa nyuzi 25 inajaa kwa volti 14.4, alfajiri ya Dodoma yenye nyuzi 13 inahitaji karibu 14.7. Chaja ya siku zile haikujua hali ya hewa. Na betri inayorudishwa nusu shibe mara kwa mara hujengeka ukoko mgumu kwenye sahani zake, mpaka haipokei tena hata jua la Oktoba likiwaka.

Jambo ninalolifikiria zaidi ni nyumba zenyewe. Baada ya Operesheni Dodoma ya 1971 na kampeni za nyumba bora, tembe za Wagogo zilianza kuachwa, bati likachukua nafasi. Sikatai uzuri wa bati. Halivuji, na moshi haujai ndani. Lakini kuta nene za udongo na paa la fito lililofunikwa udongo vilitunza joto la mchana hadi usiku, na ubaridi wa usiku hadi mchana. Chini ya bati betri huungua Oktoba na kupoa Julai, na joto ndilo baya zaidi: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri ya risasi karibu kwa nusu. Betri za lithiamu zinazouzwa sasa hazipaswi kuchajiwa chini ya nyuzi 0, baridi ambayo mjini Dodoma hatuijui, lakini joto la bati nazo haziliwezi.

Leo naishi Area D, mjini Dodoma, nina paneli mbili za sola. Betri nimeijengea kijumba cha tofali za udongo nyuma ya jiko, kuta nene, paa la fito na udongo, na tundu la kutolea hewa. Julai hii, saa kumi na mbili asubuhi, kipimajoto cha nje kilisoma nyuzi 13. Cha ndani, 19.