Visiwa vya Ndege vya Mbasa na Majirani Zake

Visiwa vya Mbasa, karibu na Takawiri katika Kaunti ya Homa Bay, havina wakazi. Ni vidogo, na wengi huviita Visiwa vya Ndege kwa sababu ya minandi wa mkia mrefu na yangeyange wanaozaliana humo. Ndege hawa si wa baharini, lakini Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, huwapa kile ambacho shakwe hukipata baharini: samaki, na mahali pa kutagia palipozungukwa na maji, ambapo walao mayai wa nchi kavu hawafiki kwa urahisi.

Kwa muda mrefu visiwa vya aina hii vililindwa na ufinyu wake tu. Abasuba, waliovuka ziwa kutoka upande wa Uganda katika karne ya 18, walikaa Rusinga na Mfangano, penye ardhi ya kulima. Miamba isiyo na shamba ikabaki kwa ndege.

Bei ya samaki ndiyo iliyogeuza mambo. Mbuta alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewapunguza vibaya sana samaki wadogo waitwao fulu. Ndege aina ya mdiria waliochunguzwa katika Ghuba ya Mwanza, Tanzania, walionekana kuacha fulu na kuhamia omena, ambao huko huitwa dagaa. Wavuvi nao, kwa kuwa viwanda vya minofu vilimtaka mbuta, walimfuata hadi maji ya mbali na kuanza kulala kwenye miamba ambayo zamani hakuna aliyeitamani.

Kilichotokea Migingo, Kaunti ya Migori, kinasikitisha. Kisiwa hicho, ambacho Uganda pia hukidai, ni mwamba wa takriban nusu ekari. Wavuvi Wakenya wanaosema walihamia huko mwaka 1991 husimulia kwamba walikikuta kimefunikwa na magugu, kimejaa ndege na nyoka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 131, na nyumba za mabati zimebanana hadi ukingoni mwa maji. Mengi yameandikwa kuhusu mpaka uliowekwa kwa amri ya Waingereza ya mwaka 1926; kuhusu ndege waliopoteza makao yao, karibu hakuna. Mita 200 hivi mashariki kipo Usingo, kikubwa kuliko Migingo, ambacho hakikujengwa. Wavuvi husema kina mapepo, na hofu hiyo imewafaa ndege kuliko tangazo lolote la serikali.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inawalinda ndege wa porini popote nchini, lakini kumlinda ndege bila kulinda kiota chake ni kazi nusu. Katika sehemu ya Kenya ya ziwa, kisiwa kilichotangazwa hifadhi ya taifa ni Ndere, Kaunti ya Kisumu, mwaka 1986. Mbasa inastahili hadhi kama hiyo.