Mai Mulele: imani ya Simba wa 1964 iheshimiwe ao ikosolewe?

Mashariki mwa Kongo mabishano haya hayajaisha: mtu akiamini kwa nguvu na kulitamka neno, je, neno hilo linakuwa kweli? Wako wanaocheka imani hiyo. Wako pia wasiotaka iguswe hata kidogo. Historia ya Simba wa 1964 inaweza kuwasaidia wote wawili.

Mwaka ule uhuru ulikuwa na miaka 4 tu. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa tarehe 17 Januari 1961, na raia wengi hawakuona faida ya uhuru. Vijana waliofuata viongozi kama Gaston Soumialot na Nicolas Olenga walikuwa na mikuki, mapanga na bunduki chache. Tegemeo lao kubwa lilikuwa dawa. Waganga waliwachanja, wakawanyunyizia maji na kuwapa masharti: usiibe, usiguse mwanamke, tazama mbele, usirudi nyuma vitani. Wakishambulia walipaza sauti: «Mai! Mai Mulele!» Waliamini kwamba masasi ya adui yatageuka maji.

Na miji ilianguka kweli. Uvira ilianguka mwezi wa 5, Albertville (leo Kalemie) mwezi wa 6, Kindu mwezi wa 7, kisha Stanleyville (leo Kisangani) mwanzoni mwa mwezi wa 8. Mara nyingi askari wa serikali walikimbia kabla ya kupigana, kwa sababu wao pia waliogopa dawa hiyo. Masasi yalibaki masasi, lakini mikono iliyoshika bunduki ilitetemeka. Anayesema kwamba imani haina nguvu yoyote hajaitazama miezi ile.

Lakini mwezi huo wa 8, Simba walipoingia Bukavu, askari wa Koloneli Leonard Mulamba walisimama na kupiga. Wapiganaji wengi walikufa. Baadaye zikaja ndege za vita na mamluki, na tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka Stanleyville. Aliyerusha masasi bila kuogopa dawa, masasi yake yaliua.

Hata hivyo jibu lilikuwa tayari kwa kila maiti: amevunja sharti. Aligeuka nyuma, ao aliiba, ao aligusa alichokatazwa. Kwa hesabu hiyo dawa haiwezi kukosea hata siku moja, na mwenye kosa ni marehemu, ambaye hawezi kujitetea. Mama aliyepoteza mtoto alibakiwa na kilio na aibu pamoja, na kesho yake vijana wengine wakachanjwa.

Vijana wale wanastahili heshima. Walikuwa na sababu ya kukasirika, na imani iliwapa moyo pale ambapo hawakupewa silaha. Kinachostahili kukosolewa, tena bila kuogopa, ni ile hesabu ya kumtupia lawama aliyeumia.

Hesabu hiyo haikuzikwa na Simba. Inasikika mgonjwa anapoambiwa kwamba hajapona kwa sababu imani yake ni ndogo, ao maskini anapoambiwa kwamba hakutamka utajiri kwa moyo wote. Mbele ya kila anayefundisha hivyo, raia ana haki ya kuuliza swali moja: neno lisipotimia, nani atalipa?