Kaburi Lililobaki Tupu Namirembe

Kila Pasaka ikikaribia tunahimizana tuwe mashahidi wenye ujasiri, na ni neno jema. Ila ukimuuliza mtu ujasiri huo unafananaje, wengi wetu tutakuonyesha maikrofoni na spika kubwa. Hebu safari hii, tunaposherehekea ushirika wetu, tupande pamoja kilima cha Namirembe, Kampala, turudi mwaka 1977.

Idi Amin alikuwa na miaka sita madarakani. Askofu Mkuu wa Kanglikana alikuwa Janani Luwum, Mwacholi wa Mucwini, mwalimu wa shule aliyeokoka mwaka 1948 katika ule Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, ukavuka mipaka yetu bila pasipoti. Jimbo lake lilikuwa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa Bujumbura, Kigali au Ituri, usidhani hii ni habari ya Waganda peke yao.

Usiku wa 5 Februari askari walivamia nyumba yake, ati wanatafuta silaha. Hawakupata kitu. Maaskofu wakamwandikia Amin barua kulalamikia uvamizi huo na mauaji nchini. Hawakumtukana, waliyataja mambo kama yalivyo, wakatia sahihi majina yao. Mimi naona ujasiri wenyewe ni huo. Kupaza sauti penye watu wanaoitikia amina si kazi ngumu. Kuweka jina lako chini ya ukweli, na anayesoma ana bunduki, ni jambo jingine kabisa.

Tarehe 16 Februari maaskofu waliitwa mjini, wakaonyeshwa silaha hadharani na kuambiwa kanisa linapanga njama. Wenzake wakaruhusiwa kwenda, yeye akabakizwa. Kesho yake redio ikatangaza kwamba Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Walioona mwili wake walisimulia alama za risasi.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana hapa ndipo Pasaka inapoingia. Namirembe kaburi lilikuwa limeshachimbwa, karibu na la Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Serikali haikuutoa mwili. Ulipelekwa kuzikwa Mucwini, mbali kaskazini. Ibada ya kumbukumbu nayo ikakatazwa. Lakini Jumapili ya 20 Februari watu walikuja kwa maelfu. Wakatoka kanisani, wakasimama kulizunguka shimo lile tupu. Askofu Mkuu mstaafu, Erica Sabiti, akawakumbusha maneno ambayo malaika aliwaambia wale wanawake alfajiri: wanayemtafuta hayupo hapo, amefufuka. Kwaresima ilikuwa hata haijaanza, na Kampala ilishahubiriwa Pasaka mbele ya vyombo vya dola.

Siku moja kabla, usiku, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe Mera walivuka milima kwa miguu kuingia Rwanda. Tanzania wanamjua, alifundisha shule Dodoma miaka mingi. Hebu usimhesabie kukimbia kuwa ni woga. Alifika uhamishoni na uchungu mzito moyoni juu ya Amin, mpaka Ijumaa Kuu, tarehe 8 Aprili, alipokaa kanisani London akasikia jinsi Yesu alivyowaombea msamaha waliomsulubisha. Akaona naye hana budi kumsamehe Amin. Mwaka huohuo akatoa kitabu ambacho jina lake ni kumpenda Idi Amin. Wengine walikasirika, na ninawaelewa. Mjane aliyepoteza mume, utamwambiaje? Kivengere hakusema mauaji ni kitu kidogo. Aliendelea kuyashutumu popote alipoalikwa. Alikataa tu chuki isimtawale.

Na sisi Wapentekoste? Zamu yetu ilifika Septemba 1977, Amin alipopiga marufuku vikundi 27 vya dini, makanisa yetu yakiwemo. Pasaka ya 26 Machi 1978 ndugu zetu waliisherehekea kwa siri majumbani. Hebu fikiria Mpentekoste aliyezoea kuomba mpaka jirani ajue, leo anaomba kwa kunong'ona ili jirani asijue! Hata hivyo hawakuacha kukutana, na wengine walikamatwa. Ushuhuda wao haukuwa na spika hata moja.

Kisha ikaja 1979. Tarehe 11 Aprili, Jumatano ya Juma Takatifu, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliingia Kampala. Ijumaa Kuu Yusuf Lule akaapishwa kuwa rais, na Jumapili ya 15 Aprili ilikuwa Pasaka. Milango iliyofungwa ikaanza kufunguliwa. Kivengere alirudi mwaka huo, akakuta kazi ya kuwapatanisha watu ni ndefu kuliko vita. Aliifanya mpaka alipofariki mwaka 1988.

Luwum hakuhamishwa. Amelala Mucwini mpaka leo, na tangu 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa Uganda. Mahujaji huenda huko kila mwaka, wengine wakitoka upande wa pili wa mpaka.